Mwalimu Aliyejua Majina ya Wafu

Alizaliwa wapi, kwa nani, mwaka gani, hayo sitayasema. Si kwamba siyajui. Nayajua mpaka ya babu wa babu yake, maana niliyanakili kwa mkono wangu, nikayapanga kwenye mafaili, nikayapangusa vumbi kila Jumamosi kwa miaka minne. Lakini mtu aliyehangaika umri wake wote kutafuta asili yake, kisha akanitenda alivyonitenda, asili yake naiacha hapo mlangoni. Nitamsema yeye tu. Na jina lake silitaji, ng'o. Nilimwita Mwalimu, na Mwalimu atabaki.

Hilo la Mwalimu alilichagua mwenyewe. Siku niliyofika Riyadh, nikamwita madam kama ajenti wa Mombasa alivyotufundisha, akanikatiza pale pale. "Tafadhali, usiniite madam. Mimi ni mwalimu." Nikashtuka, Mzungu asema Kiswahili. Kumbe ujanani alifundisha Kenya miaka mitatu, na Kiswahili chake kilibaki kile cha kitabuni, kimenyooka hakina hata kona moja. Asubuhi aniulize, "Je, ungependa kunywa chai pamoja nami?" Mie mtoto wa Mombasa, nilikuwa naingia jikoni kucheka kwanza ndipo nimjibu.

Wenzangu tuliosafiri nao waliangukia nyumba za watu kumi na mbili, ngazi tatu, wageni kila jioni. Mimi nikaangukia mwanamke mmoja wa Kiskoti, hana mume hana mtoto, kwenye nyumba ya kampaundi ya walimu, na makaratasi yake. Nilidhani Mungu amenipendelea.

Makaratasi yenyewe yalianzia ukutani. Ukuta mzima wa chumba cha kulia ulikuwa umebandikwa karatasi zilizounganishwa kwa gundi, kutoka darini mpaka kimo cha meza. Huo ulikuwa mti wa ukoo wake. Yeye alikuwa chini kabisa, kisanduku kimoja kidogo, na juu yake watu wakazidi kupanuka mpaka ikabidi wapinde kona waingie ukuta wa pili. Upande wa mama walikuwa Wakelti watupu, wa Ayalandi na Uskoti. Upande wa baba ndio uliokuwa roho yake. Hao walitoka visiwa vya kaskazini ya Uskoti, huko ambako Waviking walifika zamani, wakaoa, wasirudi tena kwao. Jina lake la ukoo, alivyonieleza, lilikuwa na kichwa cha Kikelti na mwili wa Kiviking. Kichwa maana yake "mwana wa". Mwili ni Olafu.

"Yaani bin Olafu," nikamwambia, mikono yangu ina sabuni.

Aliweka kikombe chini. "Mwanaidi, umesema kweli kabisa. Miaka yote hii sikuwahi kufikiria hivyo."

Tangu siku hiyo hakuniacha. Nikimaliza vyombo aniita mezani. Alinifundisha kusoma yale maandishi ya zamani, nakala za madaftari ya makanisa yao, mwandiko umelala ubavu, herufi zimeshikana mikia. Na madokezo yake mwenyewe aliyaandika mwandiko ule ule, ati apate kuuzoea. Mwanzo sikuambulia kitu. Baada ya mwaka nilikuwa nausoma kuliko yeye, maana macho yake yalikuwa yamechoka. Nilimsomea, akaandika. Wakati mwingine mimi ndiye niliyempata mtu aliyemtafuta miezi, na akipatikana hivyo hunishika mabega anitikise.

Maana za majina ndizo zilizonichekesha. Kuna ukoo mkubwa kwao, watu wa heshima na majumba, jina lao maana yake mdomo wa upande. Ukoo mwingine, pua iliyopinda. Mwingine umetokana na Mviking mmoja ambaye hata wenziwe walimwita mbaya wa sura, na leo wajukuu wanalivaa jina hilo kwa fahari. Nikamwambia sisi nasi tuko hivyo hivyo, babu mzaa babu yangu aliitwa Kiguru kwa sababu ya mguu wake, na watu wa mtaani mpaka kesho watuita kina Kiguru ingawa sote twatembea sawa. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaenda kuchukua karatasi mpya, nyeupe, akaibandika pembeni ya ukuta wake. "Sasa wewe," akasema.

Hivyo ndivyo nami nilivyopata mti. Nyanya yangu alinisomesha majina tangu nikiwa mdogo, kwa baba saba na kwa mama sita, nayataja bila kupumua. Mwalimu akayaandika yote kwa kalamu ile ile aliyowaandikia watu wake. Chini kabisa akaniandika mimi, na chini yangu mwanangu Zuhura, na ubavuni mwa Zuhura akaacha nafasi. "Hii ni ya mume wake, atakapokuja," akasema.

Alikuwa na msemo wake, akiurudia kila mahali: "Kila mtu ana karatasi yake mahali fulani." Tukienda Batha, sokoni, kununua wino wa printa na mimi kutuma pesa nyumbani, alikuwa mtihani. Haulizi bei kabla ya kuuliza jina. Muuza kandambili, dereva wa teksi, kinyozi amekaa mlangoni pake, wote aliwauliza: wewe ni nani, baba yako nani, jina hilo maana yake nini. Dereva mmoja Mpakistani alitutajia mababu kumi na moja kutoka Batha mpaka getini, na Mwalimu akawa anaandika nyuma ya risiti. Mimi nimekaa nyuma na mifuko, nasema moyoni, huyu mwanamke ana ugonjwa, lakini ni ugonjwa mzuri.

Ila aliyewajua ni wafu. Wazima walimshinda. Darasani alikuwa na wanafunzi ishirini, na mwaka ukiisha wote bado ni habibi, maana majina yao hayakumkaa. Alikuwa na dada yake, mzima, yuko Uskoti, hawajasemeshana miaka tisa kwa ajili ya kabati la mama yao. Nilimwuliza, "Mbona humpigii simu?" Akanijibu, "Tarehe zake ninazo." Na kweli alikuwa nazo, ukutani, kisanduku karibu na chake. Nilicheka wakati ule. Ningekuwa na akili ningejiuliza mtu kama huyu akiniweka ukutani atanifanyia nini.

Lakini nisidhulumu. Alinitendea wema mwingi, na hapo ndipo panaponiuma. Pasipoti yangu niliishika mwenyewe. Simu yangu hakuigusa. Nilipougua homa wiki nzima, alipika supu mbaya sana akanilisha kwa kijiko. Nyanya yangu alipofariki, Mwalimu hakwenda kazini. Alikaa nami siku nzima, kisha akachukua kalamu akaandika tarehe ya kifo kwenye mti wangu, taratibu, akapuliza wino ukauke. Nilimpenda. Sitaki kusema uongo, nilimpenda kama ndugu.

Ndiyo maana nilimwambia habari za Zafarani.

Zafarani alikuwa nyanya wa nyanya yangu, na kwetu jina lake halitajwi mbele ya wageni. Alikuwa kijakazi. Jina la kwao lilipotea, hilo la Zafarani alipewa na waliommiliki. Mtoto wa nyumba ile alipoolewa, Zafarani alitolewa pamoja na vyombo: sinia, vikombe, mito, kitanda, na yeye. Akaingia nyumba ya pili na mzigo huo, bila kuulizwa. Nyanya alinihadithia mara moja tu, mlango umefungwa, akanilisha kiapo nisimwambie mtu. Nami nikamwambia Mwalimu, kwa sababu kwenye mti wangu palikuwa na kisanduku kitupu na yeye hakuweza kuvumilia kisanduku kitupu. Alilia, wallahi, machozi yakamwangukia mkononi. Akaliandika jina, na ubavuni mwake akaandika kwa herufi ndogo: *alitolewa pamoja na vyombo*. Akaniambia, "Sasa hatasahauliwa."

Mkataba wangu ulikuwa wa miaka miwili. Ulipokwisha nilitaka kurudi kwa Zuhura. Mwalimu akanisihi nibaki, amebakiza miaka miwili astaafu arudi kwao kabisa. "Siku nitakayoondoka mimi, nawe utaondoka," akasema. "Nitakusindikiza mpaka uwanja wa ndege." Yeye ndiye alikuwa kafili wangu, mdhamini, na ikama yangu, kile kibali cha kukaa, iko kwa jina lake, bila sahihi yake sitoki nchini. Nikakubali. Zuhura alipopata mchumba, tulipanga tarehe ya harusi kwa kufuata neno hilo. Shemeji zangu walisema tungoje kwanza nifike. Nikawajibu, tarehe ikae, Mwalimu hawezi kunigeuka.

Mwezi mmoja na siku kadhaa kabla ya harusi, aliniletea karatasi ya Kiarabu mezani. "Tia sahihi hapa, ni mambo ya kutoka kwako." Mimi nimesoma chuo cha Kurani, herufi za Kiarabu nazijua tangu nina meno ya utotoni, na karatasi za kuhamisha mtu kutoka kafili mmoja kwenda mwingine nimeziona nyingi mikononi mwa wenzangu. Ningeisoma ningejua. Sikuisoma. Nilikuwa nimemsomea yeye vitabu vya makanisa miaka mitatu, wafu wa karne ngapi sijui, na karatasi moja yangu mwenyewe sikuisoma. Ningemshukuje mtu aliyewaweka wazee wangu ukutani pamoja na wake? Nikatia sahihi, nikamtilia na chai.

Wazungu wa kampaundi wakikaribia kuondoka wana desturi yao. Hubandika orodha kwenye ubao wa matangazo karibu na bwawa la kuogelea, vitu wanavyoacha, na kila kinachopata mtu hupigwa mstari mwekundu. Mimi mwenyewe nilipata sufuria ya umeme kwa orodha kama hiyo. Na nilishaona, mara mbili, msichana wa watu ameandikwa humo katikati ya viti. Nikamsikitikia, nikasema masikini, hakubahatika kupata mtu kama wangu.

Nilikwenda kutupa taka nikaona orodha mpya. Mwandiko umelala ubavu, herufi zimeshikana mikia. Nani mwingine angeweza kuusoma haraka hivyo kama si mimi? Friji. Meza ya kulia na viti sita. Mfanyakazi wa nyumbani, mkweli, msafi, mpishi mzuri, ikama yake bado ina zaidi ya mwaka. Mashine ya kufulia. Jina langu halikuwapo. Mtu aliyemwuliza kinyozi wa Batha jina la babu yake, mimi hakuniandika jina. Na mstari mwekundu ulikuwa umeshapita juu yangu. Meza ilikuwa bado haijapata mtu.

Nilisimama pale na mfuko wa taka mkononi. Nilichokifikiria ni Zafarani na yale masinia.

Niliing'oa karatasi nikaingia nayo ndani. "Mwalimu, hii nini?"

Alikuwa anakunja shuka. "Ah. Nilitaka kukuambia mwenyewe. Ni familia nzuri sana. Ni wazazi wa mwanafunzi wangu, wanahamia Jeddah, mama amejifungua mapacha."

"Harusi ya Zuhura ni mwezi ujao."

"Ninajua. Nimewaambia. Wamesema watalifikiria."

"Ulisema twaondoka pamoja."

"Karatasi zako za kutoka zingechukua wiki nyingi, na mimi siwezi kupata ruhusa yangu wewe ukiwa bado kwa jina langu. Yule baba amemaliza yote kwa siku moja." Akashika mkono wangu. "Sikutaka kukuacha bila mahali pa kwenda, Mwanaidi."

"Mahali pa kwenda ninapo," nikamwambia. "Mombasa."

Akaendelea kukunja shuka, pembe kwa pembe. Nikaelewa kwamba njia ya kunirudisha kwetu ilikuwa ndefu na ya kunigawa ilikuwa fupi, akachukua fupi. Hakuna siri nyingine. Hakunichukia. Laiti angenichukia ningejua pa kuishika hasira yangu.

Baba yule alikuja na gari la mizigo. Mimi na mashine ya kufulia tulitoka nyumba ile asubuhi moja. Wengine huniuliza mbona hukukataa, mbona hukutoroka. Mtu akitoroka, kafili mpya aripoti, nawe ushakuwa mtoro, ukishikwa ni jela. Nilitaka kumwona mwanangu, si kumpigia simu kutoka kizuizini. Nikaingia garini.

Jeddah, madam mpya alikuwa mtu wa haki kwa kiasi chake. Hakunipiga wala kunishindisha njaa. Lakini mapacha walikuwa na mwezi mmoja, na kila nilipotaja harusi alisema baada ya Ramadhani, inshallah, halas. Zuhura alinipigia: "Mama, uko njiani?" Nikasema nangoja ruhusa. Walisogeza tarehe mara moja, wiki mbili. Hawakuweza kusogeza tena, ukumbi umeshalipiwa na watu wameshaalikwa. Dada yangu ndiye aliyekaa mahali pangu. Mimi vigelegele nilivisikia kwa simu, ndani ya chumba cha kupigia pasi, saa kumi alasiri, shati la mtoto liko mezani na pasi iko moto. Niliunguza shati. Zuhura alikuja kuniambia baadaye, kwa sauti ya upole, ambayo ilikuwa mbaya kuliko matusi, "Mama, ulimwamini Mwalimu wako ukatupangia tarehe."

Mwaka na nusu ukapita. Siku moja madam akanituma Sharafiya na dereva nikachukue simu yake kwa fundi. Nimesimama dukani nangoja, nikasikia nyuma yangu, "Mwanaidi?" Kiswahili kile kile, hakina kona.

Alikuwa amekonda, abaya inamning'inia, mvi tele. Mkoba wake ule ule wa makaratasi uko begani. Nilidhani amekuja kutembea. Nikamwuliza, "Umerudi lini kutoka kwenu?"

Aliangalia chini. "Sikwenda. Nilipata shule hapa Jeddah. Nyumba wanayotupa ni ndogo, hawaruhusu mfanyakazi."

"Tangu lini?"

"Tangu wakati ule."

Kumbe. Miezi kumi na minane alikuwa mji mmoja nami, pengine twanunua nyanya soko moja. Kule kustaafu, kule kurudi Uskoti, yalikuwa maneno ya kunihadaa. Nilikuwa nimemwekea udhuru mmoja moyoni, kwamba alikuwa na haraka ya kurudi kwao. Nao ukaniishia pale mbele ya kaunta ya fundi simu.

Akaniomba tukae, dakika tano tu, mgahawa wa jirani. Sijui kwa nini nilikubali. Dereva nikamwambia angoje. Chai ikaja, na Mwalimu hakuniuliza habari zangu. Akaanza kuzungumza za kwake. Likizo ya mwaka uliopita alitema mate kwenye kichupa, akapeleka maabara, wale wanaopima asili ya damu. Binamu yake wa upande wa baba naye akatema. Majibu yakarudi: yeye na binamu yule hawana damu moja hata tone. Baba aliyemlea hakuwa baba yake. Olafu, visiwa, Waviking, ule upande wote wa baba ukutani, si wake. Mama yake alijua, na dada yake alijua siku zote. "Walinidanganya, Mwanaidi," akasema. "Watu niliowaamini. Unaweza kufikiria jambo hilo?"

Nikamtazama. Nilimsikitikia, naapa, na nilitaka kumrushia ile chai, yote kwa pamoja.

Kisha akafungua mkoba akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Mti wangu. "Huu haukuharibika," akasema. "Wako ni wa kweli." Akautandaza mezani kati ya vikombe, akausawazisha kwa kiganja. Wote walikuwapo, Kiguru, nyanya yangu na tarehe yake, Zafarani na yale maneno madogo ubavuni. Mwalimu akatoa kalamu, akaiweka ncha kwenye nafasi iliyokuwa karibu na Zuhura. "Niambie, Zuhura ameolewa na nani? Nimeiacha wazi mpaka leo."

Nikamchukulia ile kalamu mkononi. Nikatafuta kisanduku changu. Ubavuni mwa jina langu nikaandika, kwa mwandiko ule alionifundisha mwenyewe, maneno aliyomwandikia Zafarani: *alitolewa pamoja na vyombo*. Nikaigeuza karatasi imwelekee.

Akasoma. Akavua miwani akaifuta kwa ncha ya abaya, akaivaa, akasoma tena. Nikadhani sasa atalisema, lile neno moja nililolingoja tangu Riyadh.

"Na mume wa Zuhura?" akauliza, polepole. "Jina lake tu."

"Muulize aliyekuwepo harusini," nikamwambia. "Mimi sikuwepo."

Nikaikunja karatasi ya watu wangu mara nne, nikaitia kwenye mkoba wangu, nikatoka. Dereva alikuwa amewasha gari.